Aliyesajiliwa Akakosa Kutokea

Karani wa chuo hubandika matokeo ya mtihani wa bodi ya wahasibu kwa pini nne, ingawa tatu zingetosha, kisha huilainisha karatasi kwa kiganja kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Wanafunzi humpiga vikumbo. Yeye husogea kando, miwani kwenye paji la uso, midomo ikifuata namba zao. Anazijua zote, maana fomu za usajili huzijaza yeye.

Mwaka huu chuo kimeshika nafasi ya pili, na mkuu anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana. Ila lipo linalomkera. "Waliosajiliwa arobaini na mmoja, waliofanya arobaini. Mwaka wa sita huu, mama! Huyu asiyetokea ni nani hasa?"

Karani anashusha miwani. Siku ya mtihani, kama kawaida, aligawa karatasi za maswali, halafu akasimama nyuma ya dawati moja tupu, mkono juu ya mgongo wa kiti, mpaka kengele ikalia.

"Atatokea tu, mkuu," anajibu taratibu, huku akiikandamiza pini ya nne, ile inayoziba namba ya mwisho, namba yake mwenyewe.