Nusu ya Masharubu

Baba mdogo ni kinyozi, na hajawahi kukubali kushindwa ubishi. Wateja wake humwita Wakili. Ubishi wake mkubwa alikuwa nao na baba yangu, kaka yake, fundi redio wa chumba kinachopakana na kinyozi: akili ya mtu ni kitu gani?

"Redio ikinyamaza, aliyeko studio hajafa," baba alikuwa akisema. "Mtu ni yule wa studio."

"Hakuna cha studio, kaka. Mtu ni nyama. Ubongo ukizima, umezima, kwisha habari."

Kisha baba akaanguka kutoka juu ya paa alikokuwa akifunga antena. Wiki ya tatu sasa yuko wodini, mashine inampumulia kwa mpira uliopitishwa kooni. Daktari alituita akasema haoni dalili kwamba bado anajitambua, na kwamba familia iamue. Mama akamgeukia baba mdogo.

"Shemeji, mimi sina nguvu. Ukisema izimwe, izimwe."

Baba mdogo alihitaji kurudia tu maneno aliyoyasema miaka yote.

"Kwanza nimnyoe," alisema.

Pale kitandani akampaka povu, daktari akitazama, akakunjua wembe. Alipofika kwenye shavu, shavu likatuna. Ulimi wa baba ulikuwa unalisukuma kwa ndani, kama afanyavyo siku zote akiwa kitini kwa mdogo wake.

"Yumo!" nilipiga kelele.

"Mwili una mazoea yake, binti," daktari alisema kwa upole. "Kuku naye hurukaruka akiwa ameshachinjwa. Akifanya jambo ambalo mwili haujalizoea, hapo nitasita."

Baba mdogo alitazama masharubu. Hayo yalikuwa marufuku kuguswa. Baba aliyapunguza mwenyewe kwa mkasi mdogo, na siku moja baba mdogo alipojaribu kwa utani, nusura avunjwe mkono.

"Kaka, leo nayaondoa. Nizuie."

Akaanza upande wa kushoto, polepole mno. Nilikodolea macho mkono wa baba juu ya shuka. Kidole hakikutikisika. Wembe ulikwaruza, nywele zikaangukia taulo.

"Nizuie, kaka. Nakuomba."

Nusu ikaisha. Nilitamani nimpokonye wembe. Mama alijifunika uso kwa kanga.

"Inatosha, shemeji. Jamani, inatosha."

Baba mdogo akafuta wembe, akaukunja, akautia mfukoni. Upande wa kulia wa masharubu ulibaki palepale.

"Mbona hujamaliza?" daktari akauliza.

"Nikimaliza nitakuwa nimeshinda ubishi," alisema, na machozi yakamtoka mbele yetu sote. "Nami leo nataka kushindwa. Mashine iacheni ikiwaka."