Mgongo Uliotibiwa Kooni

Juzi mjukuu wangu alimpaka mtoto wake mafuta ya kafuri shingoni kwa sababu ya kikohozi. Harufu ile ilipita mlangoni, ikanifikia pale nimekaa nachambua pondu, majani ya muhogo, na mgongo wangu ukanyooka peke yake kama askari aliyeona mkubwa wake. Nilicheka mpaka majani yakaanguka chini. Watoto wakauliza, koko, yaani bibi, anacheka nini? Nikaanza kuwaeleza, lakini wakakimbilia mpira kabla sijafika hata katikati. Basi nawaeleza ninyi, mliokaa.

Ilikuwa hapa hapa Kisangani, miaka ya hamsini, wakati wazungu wanauita mji Stanleyville. Nilikuwa msichana mdogo, lakini mrefu. Simaanishi urefu wa kusifiwa. Ulikuwa urefu wa kuudhi watu. Gauni alilonishonea papa, baba yangu, kwa Idi moja, Idi ya pili ilikuta limekuwa blauzi. Wavulana wa barabara yetu walikuwa wananiita poto ya telefone, nguzo ile ya kubeba nyaya, na mmoja alikuwa kila asubuhi ananiuliza kama kuna habari kutoka Léopoldville.

Na rafiki yangu wa damu, Mwajuma, alikuwa mfupi kama kinu. Mungu anajua kuchanganya. Maneno yote ya mtaa yalipita kwanza kwa Mwajuma: nani kapigana na mumewe, nani kapika kuku bila kualika. Na alikuwa anayasema kwa sauti ndogo, midomo karibu haifunguki. Kama unataka kusikia, lazima ushuke. Mimi nilishuka. Nilishuka asubuhi tukienda mtoni, nikashuka jioni tukirudi, mpaka nikasahau kupanda.

Mabega yalikuja mbele, kifua kikaingia ndani, kichwa kikatangulia kama cha kobe anayetafuta njia. Ndoo ya maji nikiibeba kichwani inateleza mbele, nafika nyumbani gauni limelowa na ndoo nusu. Katikati ya mabega palikuwa panawaka moto. Nikikimbia kidogo, pumzi inakwisha.

Bon, kila mtu nyumbani alikuwa na sababu yake. Mama alisema ni mdogo wangu, yule mnene, niliyekuwa nambeba mgongoni kutwa nzima. Mama mdogo Zena alisema ni kitanda, maana kamba zake zilikuwa zimelegea na sisi tulikuwa tunalala ndani yake kama ndizi kwenye kikapu. Papa, ambaye alikuwa fundi wa nguo, alisema ni uvivu. Alikuwa anapiga kelele, "Simama sawasawa!", bila kuinua uso kutoka kwenye mashini, naye mwenyewe amejikunja juu ya sindano mpaka pua inataka kushonwa pamoja na kitambaa. Siku moja alinifunga mpini wa ufagio mgongoni, ndani ya gauni. Nikakaa nao mpaka saa ya kula. Nilipojaribu kuinama kwenye sahani, mpini ukamgonga mdogo wangu kidevuni, na mama akaudai ufagio wake.

Haya yote yangepita, watu wangenizoea. Lakini Zena alikuwa anaolewa.

Kwetu, watu wa Maniema tuliokuja kukaa mjini, bibi harusi akipelekwa kwa mume, msichana mmoja wa nyumbani anatangulia na sinia kichwani. Juu ya sinia kuna birika, glasi za chai, na chupa ya marashi. Hapo ndipo watu wanaitazama familia. Vitu vikianguka, huko unakokwenda watasema: ndiyo hawa. Mimi nilikuwa nimeahidiwa sinia hilo tangu Zena alipochumbiwa. Nilikuwa nimelisugua kwa mchanga na majivu hadi likaonyesha uso wangu. Halafu koko yangu, mama yake mama, akanijaribu uani na vikombe vya bati. Vyote vilikwenda chini, kimoja kimoja, kama watu wanaoshuka kwenye bwato, mtumbwi wa kwetu.

"Alors," akasema koko, "sinia atabeba Salima."

Salima alikuwa binti wa tonton, mjomba wangu, ana mgongo kama rula na roho kama pilipili. Nililia siku ile mpaka koko akachoka. Kesho yake akavaa pagne, kitenge chake kizuri, akanishika mkono, tukaenda dispensaire kutibiwa.

Infirmier, muuguzi wa pale, alikuwa mgeni, amekuja na meli kutoka huko mto unakoelekea. Alikuwa anasema Lingala na Kifaransa. Koko yangu alikuwa anasema Kingwana, Kiswahili cha kwetu, na Mungu alimsikia kwa Kingwana hicho hicho, kwa hiyo hakuona sababu ya kuongeza nyingine.

Akasema, "Muganga, mugongo ya huyu mutoto iko naharibika."

Sasa mnisikilize vizuri. Kwetu mugongo ni hapa nyuma. Lakini kwa Lingala, mongongo ni sauti. Mimi nilikuja kujua hilo nilipoolewa na mtu wa Bumba, msema Lingala, na siku hiyo mume wangu alicheka akaketi chini. Siku ile ya dispensaire mimi sikujua, koko hakujua, na infirmier ndiye aliyejua kuliko wote kwamba amesikia sawa.

"Mongongo ebebi?" akauliza kwa huruma, yaani sauti imeharibika? "Fungola monoko."

Akanifungua mdomo kwa vidole. Akachovya pamba kwenye dawa ya bluu, akanisugua koo mpaka machozi yakatoka. Nikamtazama koko. Koko akanitikisia kichwa, nivumilie. Tulipotoka alinieleza: "Mugongo inaanzia ku shingo, na shingo inaanzia ku kinywa. Amepita ku mulango. Muzungu hawezi kumufundisha kazi mutu mujinga."

Infirmier alitupa pia chupa ya dawa ile ya kusugua kila asubuhi, na kafuri ya kupaka shingoni, akaonyesha kwa mikono nifungwe kitambaa kizito, halafu akaweka kidole kwenye midomo: koloba te. Nisiseme neno wiki nzima. Hiyo koko aliielewa bila mkalimani.

Akanifunga shingo na kipande cha blanketi, akazungusha na kuzungusha mpaka kidevu changu kikatazama paa. Na kwetu sisi Waislamu, kafuri ni ya kuosha maiti. Jirani wa kwanza aliyesikia harufu alikuja na uso wa matanga, akauliza ni nani. Koko akamwambia hakuna mtu, ni mugongo tu.

Mwajuma alikuja jioni na habari zake, midomo imefungwa nusu kama kawaida. Nilitaka kushuka, blanketi likakataa. Nilitaka kumwambia aseme kwa nguvu, koko akanikazia macho. Mwajuma alisema kidogo, akangoja, akaniona nimesimama kama mnara wa kanisa, akaenda zake amekasirika. Kesho yake vivyo hivyo. Wiki ile sikusikia habari hata moja ya mtaa, na kwa mtoto kama mimi ile ilikuwa njaa. Lakini nilikwenda mtoni na kurudi na ndoo imejaa, gauni kavu. Koko akavirudisha vikombe vya bati kichwani pangu. Vikakaa. Salima akasusa kula.

Siku ya harusi wakanivua blanketi, lakini koko akaninong'oneza, "Usiiname, usiseme. Dawa ingali inafanya kazi." Nikatangulia. Nyuma yangu ngoma, vigelegele, na Zena chini ya kitambaa chake. Nilikanyaga matope mekundu ya barabara kana kwamba ni mikeka. Glasi zilikuwa zinaongea kidogo tu, tin, tin. Wavulana wa poto ya telefone walinipisha njia.

Tukafika kwa bwana harusi. Mlango wa nyumba ile ulikuwa mfupi.

Nikasimama. Ngoma ikasimama. Mama wa bwana harusi akatoka, mwema kabisa. "Inama, mama, inama kidogo."

"Huyu hainame," koko akajibu kutoka nyuma. "Iko ku dawa."

"Mulango yangu iko hivi tangu zamani."

"Basi bomoa kidogo ya juu."

Watu wakaanza kutazamana. Tonton mmoja wa upande wao akasema afadhali wachimbe chini, akauliza jembe liko wapi. Shingo yangu ilianza kutetemeka, na chupa ya marashi ikaanza kutembea kuelekea ukingoni. Salima nilimwona kwa pembe ya jicho, amekwisha kunyoosha mikono.

Ndipo Mwajuma akapenya kati ya miguu ya watu. Akasimama mbele yangu, akainua uso juu kabisa, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akipaza sauti. "Kunja magoti, we! Mugongo uwache vile iko."

Nikakunja magoti. Nikashuka polepole, mgongo umenyooka, kama mwanamke anayechota maji bila kutaka kulowa, na nikaingia hivyo, nimechuchumaa, hatua ndogo ndogo kama bata. Birika lilifika. Glasi zilifika. Mama wa bwana harusi alipolipokea sinia nilimtabasamia kwa furaha, naye alipoona meno na ulimi wa bluu nusura aliangushe yeye.

Miaka mingi niliamini kwamba dawa ya bluu ilishuka kooni ikaninyoosha. Nilipojua maana ya mongongo, nikasema ni blanketi. Haikuwa hata blanketi, maana mgongo haukuwa na ugonjwa. Mtoto niliyekuwa alidhani urefu ni kosa, na kwamba heshima kwa wenzako ni kujipunguza mpaka mlingane, na maumivu ya mgongo ni bei yake. Hakuna aliyekuwa ameniomba. Ndivyo nilivyokuwa najiambia.

Tulipokuwa wazee, nilimwambia Mwajuma hayo. Akajisugua nyuma ya shingo. Halafu akaniambia kwamba alikuwa anasema kwa sauti ndogo makusudi. Kunitazama juu kulikuwa kunamuuma shingo, akaona heri mimi ndiye nishuke. Kumbe kati yetu wawili ilikuwa lazima mmoja aumwe. Tangu pale mlangoni, alipoinua uso kunitazama, zamu ilikuwa yake, na aliibeba miaka yote hiyo bila kuniambia.