Sakafu Iliyotikisika

Juzi, hapa Gitega, tulipanga foleni ghorofani kuomba vibali vya kwenda Muyinga, maana vita hivi vimemfungia njia kila asiye na karatasi. Tulisimama tu, lakini sakafu ya mbao ilitikisika hadi mihuri ikacheza mezani pa karani.

"Acheni kurukaruka!" karani alifoka.

Seremala mmoja wa Nyamugari alijibu kwa upole, "Shefu, hakuna mtu iko anaruka. Tuko wengi; moja akisogeza mguu, mbao yote inacheza. Utupokee chini."

"We ni injinia?"

Ubao ukavunjika. Mguu wa mama mjamzito ukazama hadi gotini. Seremala alimvuta, damu ikimchuruzika mama huyo mguuni. Karani alikumbatia mihuri yake.

Leo mlangoni pamebandikwa tangazo: "Marufuku kusimama." Ofisi nzima haina kiti cha mwananchi.