Kura ya Miguu

Enzi zetu, mshindi wa kuimba alijulikana kwa miguu ya watu. Hatukuwa na majaji wa kukaa nyuma ya meza na kukunja uso. Baada ya mavuno, Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma ya sisi Wasukuma, walicheza ngoma zao uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kundi upande wake, na watazamaji walihama wenyewe kufuata utamu. Kundi lililobakiwa na mbwa na mlevi aliyesinzia lilijua limeshindwa.

Sisi watoto wa kijiji cha Dutwa tuliiga hivyohivyo nyuma ya ghala la pamba. Upande mmoja niliimba mimi, Kabula, na upande wa pili Limi, binti wa jirani. Mimi nilikuwa na sauti. Limi alikuwa na ungo. Mama yake alimletea matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga za kukaanga, na kwa ungo ule hata kiziwi angehamia kwake. Wadogo zangu mapacha, Kulwa na Doto, ndio waliotangulia kukimbia. Baadaye walirudi na karanga mfukoni, zimechanganyika na vumbi, wakanipa. Nilizitafuna huku nimenuna.

Mama alinikuta siku moja nikimkodolea Limi macho katikati ya wimbo. Akaniambia, "Mwimbaji hageuki kuhesabu wanaoondoka. Ukigeuka, umeshashindwa." Tangu hapo niliimba nikitazama ukuta wa ghala.

Baba alifariki, na kabla ya pamba kuchumwa Mama naye akamfuata. Niliacha shule darasa la sita ili mapacha waendelee. Nililima mashamba ya watu, na asubuhi nilimwona Limi akipita na sare, soksi nyeupe hadi magotini. Sikuwahi kumwonea wivu wa cheti. Zile soksi ndizo zilizonikosesha usingizi.

Leo wote tuko Bariadi mjini. Kulwa ni fundi umeme, Doto ni mwalimu. Na Limi, kati ya viwanja vyote vya mji huu, alijenga ng'ambo ya barabara, akitazamana na mlango wangu.

Juzi binti wa hukuhuku Simiyu alifika fainali ya shindano la kuimba kwenye televisheni. Nilitangaza mapema kwamba mtaa mzima utazamie kwangu. Niliazima mabenchi ya kanisani, nikapika matobolwa, nikajaza ungo. Safari hii ungo ulikuwa wangu. Zaidi ya wote niliwataka mapacha, wakae kulia na kushoto kwangu.

Alasiri Limi akaja kwenye uzio, akanisalimia kwa Kisukuma. "Mwadila, Kabula! Mbona hukuniambia? Na mimi nimealika. Runinga yangu mpya ni kama mlango, watu watamwona binti yetu mpaka meno ya nyuma!"

"Mwadila, Limi. Hata kwangu meno yataonekana," nikamjibu.

Shindano likaanza, mapacha hawajafika. Watoto wa Doto waliyageuzageuza matobolwa kama wamepewa dawa. "Shangazi, hakuna chipsi?" Kizazi hiki kikiona chakula hakijatoka kwenye mafuta kinadhani kuna mgonjwa. Kelele zilipopanda kutoka kwa Limi, mmoja akanyanyuka, "Nakuja, shangazi," kisha mwingine, kisha majirani. Nilichungulia dirishani, nikaiona pikipiki ya Kulwa imeegeshwa getini kwa Limi. Hapo moyo wangu ukawa mdogo kama ulivyokuwa nyuma ya ghala.

Nikageuza kiti, nikalielekezea dirisha mgongo. Binti yetu akaingia jukwaani, akaimba vizuri sana, na mimi na mabenchi tukamsikiliza.

Mara nikasikia kandambili mlangoni. Kulwa akaingia, Doto nyuma yake na sahani iliyofunikwa kwa sahani.

"Dada, sogea."

"Mnatoka wapi?"

"Kwa Limi," Kulwa akasema bila haya. "Tumekula kwanza. Kwani zamani kule tulikuwa tunafuata nyimbo?"

"Zamani tulikufichia karanga," Doto akaongeza, akifunua sahani. "Sasa ni pilau."

Wakakaa, mmoja kulia, mmoja kushoto. Pilau ilikuwa tamu, na utamu wake ukanichoma. Wao wakavuta ungo wangu, wakala matobolwa kama watoto.

Doto alimpigia binti yetu kura kwenye simu kwa kidole gumba, bila kuacha kutafuna. Ndivyo vijana wa leo wanavyochagua pia, mtu amelala kwenye kochi, na hata jirani hajui amempenda nani. Sisi tulivuka uwanja, na tuliowaacha wakatuona migongo. Iliuma, lakini ulijua nani wako.

Binti yetu akawa wa pili. Kwa Limi walishangilia hadi mabati yakatetemeka, na kelele zile nazionea wivu hadi leo. Ila Mama alinikataza kuhesabu wanaoondoka tu. Wanaorudi hakuwataja. Basi nikawahesabu: Kulwa, Doto.