Tanzia Niliyoichelewesha

Kazi yangu ni kuchora kwa kompyuta: nembo za mahoteli, menyu, kadi za harusi. Lakini mjini nafahamika kwa tanzia. Kwetu mtu akifa alfajiri, Adhuhuri anazikwa, kwa hiyo tangazo la kifo lazima lifike kwenye simu za watu upesi, likiwa na jina la marehemu, msikiti na saa ya maziko. Nilikuwa na kiolezo tayari, ukingo mweusi na mwezi pembeni. Najaza jina, natuma, dakika kumi. Kiolezo chenyewe kilikuwa kibaya na nilikichukia, ila hakuna mfiwa hata mmoja aliyewahi kulalamika.

Mama alifariki nyumbani kwetu Mji Mkongwe, kabla jua halijatoka. Kaka yangu mkubwa aligawa kazi palepale. Yeye alichukua sanda na kaburi, mimi nikapewa tanzia na kumpigia simu mama mkubwa, dada yake mama, aliyeko Bwejuu.

"Mpigie sasa hivi," alisema. "Ahadi yao unaijua."

Nilikuwa naijua. Kati ya watoto wa bibi walikuwa wamebaki wao wawili tu, na tangu utotoni nikiwasikia wakiahidiana kwamba atakayetangulia ataoshwa na mwenzake. Mama mkubwa ndiye mwosha maiti wa wanawake kijijini kwao. Toka kwake hadi mjini ni saa moja na nusu kwa gari. Muda ulikuwepo tele.

Nikapanda chumbani kwangu na simu mkononi. Mama mkubwa hupokea kwa kusema, "Naam, mwanangu," na sauti yake ni ileile ya mama. Niliogopa kuisikia. Nikajiambia nimalize tanzia kwanza, dakika kumi tu. Nikaandika jina la mama chini ya ule mwezi mbovu, na haya zikanishika. Mama yangu ndani ya takataka hii?

Mama alikuwa akishona kofia za viua. Alichora ua kwa penseli kwenye kitambaa, akatoboa, akazungushia uzi tundu moja moja. Nilijifunza kuchora mapajani mwake, na kila nilipojaza karatasi nzima alinigombeza: "Wacha pahala pakae patupu, we mtoto!" Kofia yake ya mwisho ilikuwa kikapuni, nusu, sindano bado imechomekwa. Nikaipiga picha, nikaanza kuifuata kwenye kompyuta, tundu kwa tundu, iwe ukingo wa tanzia yake.

Watu huniuliza ubunifu unatoka wapi, nami huwa nawababaisha kwa maneno mawili matatu. Siku ile ulinijia wote kwa pamoja. Naona aibu kulisema hili, lakini nilikuwa na furaha. Mama amelala chini kafunikwa shuka, na mimi juu napima nafasi baina ya herufi za jina lake.

Kaka akaita kutoka ngazini. "Ushampigia mama mkubwa?"

"Nshampigia."

"Anakuja?"

"Yuko njiani."

Nilidhani ni uongo wa dakika tano.

Waosha walipofika waliuliza kama wamsubiri ndugu wa marehemu. Nikamsikia kaka akiwajibu kuwa yuko njiani. Wakangoja. Nikasogeza herufi, nikazirudisha. Wakangoja tena, mpaka mmoja wao akasema maiti hacheleweshwi, na maji yakaanza kumiminwa ndoo kwa ndoo. Hapo ndipo nilipozinduka. Hata hapo sikupiga simu. Niliituma tanzia kwenye kundi la ukoo, na huko Bwejuu binti wa mama mkubwa ndiye aliyemsomea mamake.

Mama mkubwa alifika baada ya Adhuhuri, jeneza limeshatoka. Mkononi alikuwa na kifuko cha kafuri, pamba na marashi. Kaka aliporudi makaburini alimvaa mbele ya wanawake wote.

"Mama mkubwa, umekwama wapi? Si umepigiwa tangu asubuhi?"

Akanitazama. Mimi niliangalia miguu yangu.

"Gari, mwanangu," akasema. "Gari limetuharibikia njiani."

Siku ya tatu, hitima ilipokwisha, simu yangu ilikuwa imejaa sifa. Watu wawili walikwisha kuniomba niwachoree tanzia kama ile ya mama, wagonjwa wao wakiwa bado hai. Mama mkubwa, akijiandaa kurudi kwao, akaniita.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hebu nionyeshe hiyo tanzia."

Nikaikuza kwenye simu, nikampa aione. Akapitisha kidole kwenye ukingo taratibu, kama anayetafuta tundu lililorukwa.

"Kofia yake hii."

"Naam."

"Umeifuata vizuri. Ilikuchukua muda?"

"Tangu asubuhi," nikasema, na kilio kikanishinda. "Nisamehe, mama mkubwa. Sikukupigia."

"Nnajua." Akanirudishia simu, akachukua kifuko chake, kafuri bado imo ndani. "Nshakusamehe. Lakini siku yangu mimi usinichoree kitu. Wapigie watu simu."