Mbuzi wa Kipaimara

Miaka ile biashara zilipofunguliwa na maduka yakajaa sabuni za kila rangi, mtaani kwetu Katandala ulisalimia kwa lugha tatu kabla hujafika bombani. Sisi Wafipa tulikaa katikati. Kulia kwetu alikaa mzee wa duka, Mwislamu mwenye lori, na kushoto Msukuma aliyehamia na ng'ombe wengi kuliko majirani wote. Hakuna aliyeona ajabu.

Kwenye sherehe desturi ilikuwa moja: mzee wa duka ndiye anayechinja, ili wote tule chungu kimoja. Siku ya kipaimara changu mama alimtaka mezani kuliko hata padri. Malaria iliponiangusha mwaka uliotangulia, ni lori lake lililonifikisha hospitali.

Ilikuwa achinje tukishatoka misa. Lakini baba yangu mdogo akafika kutoka Mwazye tukiwa bado kanisani, na yule mtu ana bidii mbaya. Tuliporudi, mbuzi alikuwa ameshachunwa, naye anangoja sifa.

Mama alikaa chini. "Sasa jirani yangu atakula nini?"

"Nyama ni nyama, shemeji," baba mdogo akasema. "Nani atamwambia?"

"Huyu," mama akajibu, akaninyooshea mimi kidole.

Nikaenda dukani na gauni langu jeupe la mtumba, nina hasira na ukoo mzima.

"Shikamoo, mzee. Mbuzi ameshachinjwa. Amechinja baba mdogo."

"Marahaba." Akafuta mikono polepole. "Si mngenyamaza tu, nikala?"

"Mama amekataa."

Alinitazama kidogo, akacheka, akachukua kisu chake. Tukapita kwa Msukuma kuomba jogoo. Alitoa mkubwa kabisa, akisema Mfipa akiwa na haraka, kuku wa jirani ndiye anayeumia. Jogoo akachinjwa, akapikwa pembeni katika sufuria iliyotoka kwa mzee mwenyewe. Alikula akashiba, na uso wa mama ukakunjuka. Baba mdogo alipopeleka mkono kwenye paja la kuku, mama aliusukuma.

"Wewe una mbuzi wako."

Tangu hapo hakuna kisu kilichotolewa kwetu kabla sijatumwa dukani. Krismasi moja lori lilikwama kwenye matope, na mzee hakurudi kwa wakati. Tulikula maharage, mbuzi akilia uani, na baba mdogo akaongeza sahani ya pili.