Kuku wa Makundi Yote

Shemeji yangu, mke wa kaka, aliniuliza mapema kabisa, na hilo ndilo linaloniuma. Alikuwa kwenye majaribio: loji moja hapa Karatu ilimpa msimu wa kiangazi asimamie ufungaji wa lanchi boksi za wageni wanaoshuka kreta kutazama wanyama. Akiumaliza bila malalamiko, nafasi ni yake. Mimi nafundisha kompyuta mjini. Nikajitolea kumtengenezea programu ndogo: anaandika kundi, idadi ya boksi na vyakula, kisha karatasi inachapishwa na kubandikwa ukutani jikoni.

Makundi mengi hula sawa: kuku, yai, ndizi, keki, juisi. Kwa hiyo niliweka kundi la mfano. Kila kundi jipya lilianza kwa kunakili hilo, kisha anarekebisha panapohitajika.

"Shem," aliniuliza, mikono ina unga, "nikibadilisha hapa, yale mengine yanabaki?"

"Yanabaki. Tazama." Nikabadilisha idadi ya kundi moja. Ya kundi jingine haikutikisika. "Kila kundi na lake. Usiogope."

Nilijisikia vizuri. Napenda mtu akielewa.

Wiki za mwanzo alibadilisha idadi tu. Kisha wakaja wageni wasiokula nyama. Akafuta kuku kwenye kundi lao, akachapisha karatasi zote. Alfajiri alikuwa pembeni akifunga boksi za hao mwenyewe, kwa visu maalumu, asichanganye. Wasaidizi wakafunga zilizobaki kama karatasi zilivyosema. Walikuwa wameambiwa wafuate karatasi, wasifuate mazoea. Magari yakaondoka. Ukishashuka kreta, hakuna kurudi kuchukua kuku.

Madereva walirejea jioni. Nilikuwa jikoni, niseme ukweli, nilikwenda nisifiwe.

"Mama, leo tumeanza kwaresma?" mmoja akauliza. "Mwewe wa pale bwawani tunapokula kachukua boksi langu, kachungulia, kanirudishia!"

"Wako alirudisha tu? Wangu alinipa pole."

Wakacheka. Shemeji hakucheka. Alifunua sinia kubwa: kuku wote wamelala pale, wamepoa.

Nilijua hapo hapo. Kwenye lugha ya kompyuta niliyotumia, namba ikinakiliwa inakuwa namba nyingine kabisa, kama kumpimia jirani kikombe cha sukari: akiitumia yake, yako ipo. Orodha ya vyakula haiko hivyo. Kinachonakiliwa ni njia ya kuifikia tu. Makundi yote yalikuwa yanachota kwenye sufuria moja. Ukitoa nyama kwa ajili ya mmoja, umewatolea wote. Nilipaswa kuagiza orodha yenyewe inakiliwe. Na hili nalifundisha. Kila darasa nachora sufuria ubaoni, kwa upole, mpaka wa nyuma kabisa aelewe. Lakini nilipomwonyesha shemeji nilijaribu namba. Chakula sikukijaribu.

Mama meneja wa loji akaingia. "Nani amefuta kuku kwenye karatasi?"

"Mimi, mama," shemeji akasema. Hakunitazama.

Nikaanza kueleza. Sukari, sufuria, yote. Niliisikia sauti yangu ile ya darasani, tamu, isiyo na haraka, huku shemeji amesimama kando ya sinia, mikono nyuma. Nikakatisha.

"Hakukosea," nikasema. "Aliniuliza kama mengine yanabaki. Nikamwambia yanabaki."

Meneja alitutazama wote wawili. "Wageni wameshalalamika. Utamalizia msimu huu, lakini majaribio yataanza upya msimu ujao. Na karatasi hizo zitoke ukutani."

Msimu mzima umepotea hivyo. Njiani shemeji aliniuliza tu kama nitakunywa chai kwao.

Kesho yake nilikwenda na programu niliyoirekebisha. Nikamkuta ametundika ubao mweusi karibu na mlango wa jiko, anaandika makundi kwa chaki, kila moja na vyakula vyake: kuku, kuku, tena kuku.

"Nimeshaitengeneza," nikasema.

"Najua, shem. Hebu shika kitambaa. Futa kuku kwenye kundi lile la juu, hao hawali nyama."

Nikafuta.

"Mengine yamebaki?" akauliza, bado amenipa mgongo.

Safari hii nilisoma ubao kwanza, kundi kwa kundi, mpaka chini.